Ruaha au Serengeti na familia? Chagua mwezi kwanza, hifadhi baadaye

Mkuu, umeuliza kama familia ya watu watano kutoka Dar, mfuko wa kawaida, likizo ya Desemba, iende Serengeti au Ruaha. Mimi ni mkazi wa Iringa, na Ruaha nimeingia na familia yangu na wageni wangu masika na kiangazi, kwa hiyo nitaongelea zaidi upande ninaoujua.

Kwa Ruaha, Desemba usiwalete watoto ambao hawajawahi kuona wanyama porini. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu, unashika kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Mvua ikishakolea, kila kidimbwi kina maji, majani yanapanda, na mnyama hana shida ya kuja mtoni. Mtazunguka kutwa nzima mkiona swala na twiga, huku simba amelala kwenye majani pembeni ya barabara na hakuna hata mmoja wenu aliyemwona. Baadhi ya njia za ndani hazipitiki kabisa. Anayefaidi miezi hiyo ni mpenda ndege, maana pori limechangamka na ndege wahamiaji wamefika.

Kama unaweza kusogeza likizo, njoo kati ya Agosti na Oktoba. Kama shule ndiyo inayokubana, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai panafaa pia: majani yameanza kukauka, vumbi bado si kali, ila beba masweta kwa sababu baridi ya asubuhi ya Iringa si ya mchezo.

Kiangazi kila kitu kinafuata maji. Mto Ruaha Mkuu unapungua, viboko na mamba wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, na makundi ya tembo yanashuka mchana kweupe. Nenda kwenye Mwagusi, ambao ni mto wa mchanga. Juu ni mkavu, lakini tembo wanachimba kwa miguu na mkonga mpaka wapate maji chini, na wakishaondoka wanyama wengine wanakuja kunywa kwenye mashimo yale yale. Zima gari, waambie watoto wanyamaze, mkae hapo hata saa nzima. Kwangu hiyo saa ni bora kuliko kukimbizana huku na huko kutafuta chui. Simba nao wanajua njia za kwenda majini, wanawasubiri nyati hapo hapo.

Na waambie watoto ukweli kuhusu mto huo. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu maji mengi yanachepushwa huko juu kwenye mashamba ya umwagiliaji ya bonde la Usangu, na ardhi oevu ya Ihefu inayoulisha mto imebanwa na mifugo na kilimo. Ndiyo maana mwaka 2008 pori la akiba la Usangu liliunganishwa na hifadhi. Maji hayo hayo yakitoka Ruaha yanaingia bwawa la Mtera, yanashuka hadi Kidatu, yanazalisha umeme. Ukiona kiboko amekaa kwenye tope lisilomfunika mgongo, hilo jambo linatuhusu sote, hata aliyeko Dar anayewasha feni. Linaniuma sana.

Ruaha pia inakupa wanyama ambao si rahisi kuwapata kaskazini. Tandala mkubwa na tandala mdogo wote wapo, swala wakubwa kama korongo na palahala wapo kwenye miombo ukiwa na bahati, na mbwa mwitu nao wanapita. Halafu mibuyu! Watoto wa mjini watashangaa mibuyu kama walivyoshangaa tembo. Na magari ni machache, mnaweza kukaa na simba peke yenu.

Sasa mpango wenyewe. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, usijaribu kuunganisha hadi hifadhini siku hiyo hiyo. Laleni Iringa mjini. Asubuhi jaza mafuta hapo hapo, kisha kuna takriban kilomita 130 mpaka hifadhini, nyingi zikiwa za vumbi. Njiani piteni Kalenga, kuna makumbusho lenye fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Halichukui muda na watoto wamelisoma shuleni. Kijiji cha Tungamalenga kina kambi na nyumba za wageni za bei nafuu nje ya hifadhi. Ila kama mfuko unaruhusu, lala ndani, kwenye mabanda ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) pale Msembe, angalau usiku mbili. Anayelala nje anapoteza saa ya alfajiri akiwa barabarani, na hiyo ndiyo saa ya simba na fisi. Weka nafasi mapema, hasa ukilenga Sabasaba au Nanenane.

Kiingilio cha raia kisikutishe, ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni kutoka nje. Beba kitambulisho cha taifa, na ujue kwamba malipo getini si ya fedha taslimu, unalipa kwa namba ya malipo au kadi. Kinachokula hela ni gari. Gari dogo kama IST liache Iringa. Tafuta gari lililoinuka lenye kuvuta magurudumu yote manne, na kabla ya kukubaliana bei uliza mambo haya wazi: mafuta ni juu ya nani, posho na malazi ya dereva ni juu ya nani, gari kuingia hifadhini nani analipa, na tairi za akiba ni ngapi. Mkipata familia nyingine mkagawana gari, gharama inashuka sana. Chukueni na mwongozaji, macho yake yanaona vitu ambavyo ninyi mtavipita.

Kama Desemba haisogezeki, basi Serengeti ina hoja: nyumbu huwa wanaelekea nyanda za kusini, upande wa Ndutu. Lakini kutoka Dar ni safari ndefu, na njia ya Arusha inakupitisha Ngorongoro ambako kuna malipo yake tofauti. Kwa watu watano wenye mfuko wa kawaida, mimi ningewapeleka hifadhi ya Mikumi, iliyo karibu zaidi na Dar. Pandeni treni ya SGR hadi Morogoro, kodini gari pale. Mkiingia, msing'ang'anie njia za ndani za uwanda wa Mkata mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unanasa gari hata la dereva mzoefu.

Mbung'o wapo Ruaha na Mikumi, kwa hiyo msivae bluu wala nyeusi. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima, malaria ipo. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Darubini moja kwa familia haitoshi, watoto watagombana, azimeni ya pili.

Niandikie umri wa watoto na kama utaendesha mwenyewe kutoka Dar, nikupangie siku moja moja.