Maji ya mchele yasiishie karoni

Mtu akiniuliza naweka mbolea gani kwenye matembele yangu hapa Tanga, najua jibu litamvunja moyo: maji. Maji ya kuoshea mchele, maji ya kulowekea kunde, chai ya rangi iliyobaki kwenye birika. Samadi naweka pia, lakini nikianza na samadi hataniuliza la pili.

Siku hizi zimejaa video za kusifia maji ya mchele, utadhani ni dawa ya mganga. Ukweli ni kwamba humo mna wanga kidogo na madini kiduchu yaliyotoka kwenye pumba. Mmea unanawiri kwanza kwa sababu umepata maji, tena siku ambayo ungeona uvivu kufungua bomba au ungeogopa bili. Ukilijua hilo hutaacha samadi ukitegemea miujiza.

Na huku kwetu maji ndiyo kesi yenyewe. Karibu na bahari udongo ni mchanga, na ukichimba kidogo unagonga mwamba wa matumbawe. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hakuna anayehangaika. Vuli nayo hutusogeza Oktoba mpaka Desemba. Kasheshe ni Januari na Februari, kaskazi linavuma na jua linachoma: unamwaga ndoo nzima, mchanga umeshaimeza kabla hujageuka. Msimu huo sufuria ya maji ya mchele si ya kudharau.

Mimi huoshea mchele kwenye beseni, si chini ya bomba. Maji ya kwanza ni meupe kama tui la pili, yana vumbi na pumba. Nayapitisha kwenye chujio ili punje zisifike bustanini, maana punje zikifika, kuku wa jirani nao wamefika, na usiku panya. Ya pili na ya tatu hayahitaji kuchujwa. Kilo moja ya mchele hunipa karibu nusu ya ndoo ndogo, inatosha matembele yaliyopandwa kwenye gunia moja. Namwagia jioni, chini kwenye udongo, si juu ya majani. Kwa mpapai usimwage shinani. Zungushia mbali kidogo, kwani mpapai ukikaliwa na maji mguuni huoza upesi.

Maji ya kuchemshia mayai au viazi ni mazuri vilevile, mradi yapoe kabisa na yasiwe na chumvi. Hapo kwenye chumvi ndipo wengi tunapoteleza, na kwa watu wa pwani chumvi ina ndugu yake anayeitwa magadi.

Shoga yangu mmoja ana mndimu kwenye pipa lililokatwa, mti aliokuwa akiutunza kama mtoto. Akasikia maji ya maharage yana nguvu, akawa anaupa kila akichemsha maharage. Yeye maharage hayapiki bila magadi. Majani yakaanza kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, halafu ncha zikakauka kama zimebabuliwa na moto. Alidhani ni wadudu, akatafuta dawa ya kupuliza.

Hakukuwa na mdudu. Magadi ni chumvi ya sodiamu, na sodiamu haitumiki ikaisha; inabaki udongoni na kurundikana. Zaidi ya hapo, magadi yanauondolea udongo uchachu, na udongo ukikosa uchachu, mti unashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yapo tele. Ndiyo maana ya ule umanjano. Udongo wetu wa matumbawe tayari una chokaa nyingi, sasa ukiuongezea magadi unautia gundi juu ya gundi. Ardhini kuna nafuu, masika ikija huosha sehemu ya chumvi na kuishusha chini. Pipa lililowekwa barazani chini ya paa halipati mvua, kila kinachoingia kinabaki. Na wale wanaomwagilia kwa maji ya kisima chenye munyu wawe waangalifu mara mbili, kwa sababu mimea yao imeshalishwa chumvi kabla hata ya sufuria.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga jiulize kimeingia nini humo. Maji ya kulowekea maharage kabla ya kupika, ruhusa. Ya kuchemshia yakiwa na magadi au chumvi, karoni.

Chai ya rangi isiyo na sukari haina tatizo, ikiwa imepoa. Chai ya maziwa ni kuita sisimizi, na maziwa yakianza kunuka utajuta kuwa na dirisha upande huo. Soda na sharubati ya ukwaju iliyobaki nazo zina sukari tupu kwa mmea. Mimi huzitupia kwenye shimo la mboji, basi. Majani ya chai yaliyotumika ni mali, mchanga wetu una njaa ya vitu vya kuoza. Yachanganye na udongo. Ukiyarundika juu yanashikana na kuwa ukoko, maji yanateleza pembeni. Mashapo ya kahawa chungu ni vivyo hivyo, ila yaepushe na miche michanga, kwa kuwa kafeini inaudumaza mche unaoanza.

Maji ya kuoshea samaki yanahitaji jembe. Ukiyamwaga juu juu, paka wa mtaa mzima na kunguru watakuja kufanya mkutano. Chimba kishimo hatua moja kutoka kwenye mgomba, mwaga, fukia. Usiyapeleke, wala ya kuku mbichi, kwenye giligilani au kitu chochote kitakachoingia kwenye kachumbari. Vijidudu vya nyama mbichi vikishika jani utakalolila bila kupika, ni kuharisha huko.

Ya vyombo? Ya sabuni nzito na mafuta hapana. Ya suuza ya mwisho, mgomba utayapokea. Mboga za majani usizipe.

Halafu kuna ndoo yenyewe ya kukusanyia maji hayo. Wenyewe husema Tanga ni waja leo waondoka leo, na maji ya jikoni yawe hivyohivyo. Yakilala na joto letu yanachacha na kunuka, na mbaya zaidi ni mbu. Mlipuko wa dengi wa mwaka 2019 ulifika mpaka huku, na mbu wa dengi hapendi mtaro mchafu kama anavyopenda ndoo na makopo ya nyumbani. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na kwenye joto la pwani wiki moja hivi inatosha yai kuwa mbu anayeruka. Mayai hayo hukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji. Kumwaga tu hakutoshi: sugua ndoo kwa ndani, hasa pale kwenye mstari ulioachwa na maji, kisha ifudikize. Na siku ukiwa umechoka hata kutoka nje kwenda uwani, mwaga karoni ukalale. Kesho utaosha mchele mwingine.