Niliiba nikijua: je, dhabihu imeniishia?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba Kibuye hapa Kisumu. Niliokoka miaka tisa iliyopita nikabatizwa. Mwaka jana nikiwa mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, nilichukua pesa mara tatu, jumla shilingi 36,000. Mara ya kwanza ilikuwa karo ya kifungua mimba wangu aliye sekondari. Mara mbili zilizofuata niliongezea mzigo. Sitasema sikujua. Kwenye daftari niliandika kwa penseli ili nije nifute, na moyoni nikasema, "Nitatubu Jumapili." Kweli Jumapili nikatubu kwa machozi, na Jumatano nikachukua tena. Juzi kwenye kesha mhubiri alisoma Waebrania 10:26, akasema aliyeokoka akitenda dhambi makusudi hana msamaha tena. Tangu hapo sishiriki Meza ya Bwana. Wenzangu wakiinuka mimi hubaki kwenye benchi, na jirani yangu hunigusa kwa goti kuniuliza kulikoni. Je, nimepotea?

JIBU: Mama, nianze na hiyo penseli, maana umeitaja mwenyewe, na nadhani imekukosesha usingizi kuliko mahubiri ya kesha. Aliyeteleza hatafuti penseli. Ulijua, ukapanga, ukajiwekea nafasi ya kufuta. Kwa hiyo sitakufariji kwa kukwambia haikuwa dhambi ya kusudi. Ilikuwa. Lakini je, ndiyo ile inayosemwa kwenye Waebrania? Hapo mimi na mhubiri wako tunaachana.

Aya yenyewe inasema, "Maana, kama tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi." Inatisha, na iliandikwa itishe. Ila usiikate hapo. Anzia aya ya 25, wanapoonywa wasiache kukusanyika pamoja, ushuke hadi ya 29, anapoelezwa mtu huyo amefanya nini hasa: amemkanyaga Mwana wa Mungu, ameihesabu damu ya agano kuwa kitu cha hivi hivi tu, amemtukana Roho wa neema. Waliopelekewa waraka huu walikuwa watu walioteswa, wakanyang'anywa hata mali zao (aya ya 34), na sasa walikuwa wamechoka, wengine wanatazama nyuma. Wanaambiwa: mkimwacha Kristo, huko mnakorudi hakuna dhabihu nyingine itakayowaondolea dhambi. Mlango unaofungwa hapo ni ule wa pembeni. Na katika Kigiriki kitenzi kiko katika hali ya tendo linaloendelea: tukizidi kutenda, tukikaa humo kwa hiari yetu. Hiyo "tukifanya" ya Kiswahili inaweza kubeba maana zote mbili, ya sharti na ya kuendelea, na wahubiri wengi huchukua ya kwanza na kukimbia nayo.

Kama kila dhambi iliyotendwa kwa kujua ingemfungia muumini mlango, Petro asingekabidhiwa kondoo. Alionywa jioni ile ile, akakana mara tatu, mwishoni kwa kiapo. Hakuna aliyejua kuliko yeye. Na Yohana anapoandika kwamba mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba, anawaandikia waumini, watu anaowaita "watoto wangu wadogo". Sijui, mama, ni dhambi ngapi kati ya zetu tunazitenda bila kujua. Zangu ni chache sana.

Sasa twende mahali ambapo watu hawapapendi, Mambo ya Walawi. Ni kweli Hesabu 15 inatofautisha aliyekosa pasipo kujua na yule anayekosa kwa jeuri, na huyu wa pili anakatiliwa mbali na watu wake. Mhubiri wako angeweza kuliongezea hilo. Lakini Walawi 6, aya saba za kwanza, inamtaja mtu aliyewekeshwa mali na mwenzake akaigeuza yake, kisha akakana. Mtu huyo hakuteleza. Amekaa na mali ya watu akijua. Naye ana sadaka yake, sadaka ya hatia, kondoo dume mkamilifu. Isipokuwa kabla ya kondoo kuna jambo: arudishe kitu chenyewe kizima, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe siku ile ile anayoleta sadaka. Piga hesabu yako. Sehemu ya tano ya 36,000 ni 7,200. Jumla 43,200.

Sikupi hiyo kama sheria ya kukuokoa. Kristo ndiye sadaka yetu, na damu yake haiongezewi noti. Nakuonyesha tu kwamba tangu zamani toba ya mali ya watu ina miguu: inatembea hadi kwa mwenye mali. Zakayo hakuhitaji kuambiwa, alijitajia mwenyewe kurudisha mara nne.

Na hapo ndipo ninapoiona Jumapili yako ilipokwama. Uliposema "nitatubu Jumapili" ukiwa bado na noti mkononi, ile haikuwa toba, ilikuwa sehemu ya mpango wa wizi. Uliuweka msamaha pale pale ulipoiweka penseli. Machozi yalikuwa ya kweli, nayaamini. Mtu anaweza kulia kweli kwa aibu huku mkono haujaachia kitu. Lakini neno tunalolitafsiri "toba" maana yake ni kugeuka nia, na nia yako Jumapili ile haikugeuka, ilipumzika tu mpaka Jumatano. Je, basi toba ya leo nayo ni bure kwa kuwa ile ya kwanza ilipangwa? Hapana. Mungu hakupi sifuri ya leo kwa mtihani ulioanguka mwaka jana. Aliyekwisha kumkanyaga Mwana wa Mungu haandiki barua kama yako, wala haumwi akiona wenzake wanakwenda mezani.

Makanisa yamelijadili hili kwa jasho. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma. Wakristo wengi, wakiwamo wa Karthago, Tunisia ya leo, walitii. Wengine walijipatia cheti cha kudanganya kwamba wametoa. Mateso yalipopungua wakarudi kanisani wakilia. Novatiano, padre kule Roma, akasema hapana, hawapokelewi tena. Sipriani, askofu wa Karthago, akasema watapokelewa, ila wasikimbizwe mezani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kanisa lilimfuata Sipriani. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliwawekea walioikana imani katika mateso ya baadaye, tena bila kushurutishwa, miaka 12 ya kutubu kabla ya kushiriki Meza. Miaka 12! Mimi naona ilikuwa mizito mno, lakini hata hao wakali waliweka mwisho wa safari. Hawakusema dhabihu imeisha.

Leo Mkatoliki atakwambia uende kitubio kwa padre. Wengine, wa mapokeo ya Calvin kama Wapresbiteri, watasema aliyeitwa kweli hatapotea kabisa. Wa mapokeo ya Wesley, kama Wamethodisti, watasema anaweza kuanguka, na anaweza kurudi. Kwako wewe wote hao wanakutana mahali pamoja: ungama, acha, rudisha.

Sisi wa Nyanza hili si geni. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa toba makanisani, ulipotufikia miaka ya 1930, ndugu walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba, hata vya zamani, na kwa kile walichokiita kutembea nuruni. Ulikuwa na kasoro zake. Kuna ungamo lililogeuka sinema, na mtu akiungama anawataja na wenzake watatu. Kwa hiyo usisimame mbele ya kanisa. Waliokosewa ni wanachama, si kwaya.

Nenda kwanza kwa mwenyekiti wenu, siku ya kazi, kabla chama hakijaketi. Usianze na "Mungu ameshanisamehe", maana ukianza hivyo umemfunga mdomo. Mtu hawezi kukasirika bila kuonekana anapingana na Mungu. Taja kiasi. Taja mara tatu. Karo uitaje mwishoni, kama ukiulizwa. Kama huna pesa zote, peleka ulizonazo, hata kama ni za kuuza marobota ya wiki mbili, na mkubaliane utalipaje zilizobaki kila mwezi, tena kwa maandishi. Uweka hazina utauacha. Wanaweza kukutoa kwenye chama, wanaweza kwenda mbele zaidi ya hapo, na msamaha wa Mungu hautawazuia. Daudi alisamehewa papo hapo, na bado nyumba yake iliyaona matokeo.

Kuhusu Meza: Yesu alisema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane naye, kisha urudi. Kwa hiyo kukaa kwako kwenye benchi si kosa, mradi usikae humo kama mtu aliyefukuzwa. Ukishafika kwa mwenyekiti na mkakubaliana, njoo Jumapili inayofuata, hata kama deni halijaisha. Jirani yako akikugusa goti, inuka naye.

Na ukienda kwa mwenyekiti, daftari uende nalo, hilo hilo lenye penseli. Usifute kitu.