Jibu: Plasta ya klabu ya zamani ya chama, Mji wa Kale

Ndugu, umeuliza kwa nini plasta mpya ya simiti inabanduka kwenye jengo lenu, na kama mfunge baraza ya nje mpate ofisi.

Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Huvuta unyevu kutoka chini na kuutoa nje. Simiti huuziba ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma. Hatari kubwa zaidi haionekani: ncha za boriti zilizomo ukutani huoza kwa unyevu huo. Zigongeni kwanza, yoyote ikitoa sauti kama ya kitu kilicho tupu ndani, wekeni nguzo ya muda kabla ya kazi nyingine yoyote.

Bandueni simiti yote. Changanyeni chokaa iliyozimwa vizuri (iliyolowekwa majini hadi ikapoa) sehemu 1 na mchanga safi sehemu 3, usiwe wa ufukweni maana una chumvi. Lowesheni ukuta, pakeni tabaka la kama sentimita 1, funikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa. Likikauka haraka litapasuka.

Msivunje ukuta wa kati ili kupanua ukumbi. Boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba.

Na baraza, tafadhali, iacheni wazi. Asiye mwanachama huketi pale, husikia mjadala, huuliza swali. Ukiifunga, klabu inabaki ya wenye kadi tu. Tena eneo lile limehifadhiwa kisheria, basi ombeni idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na serikali ya kaunti kabla ya kugusa chochote.