Kabla hujalipia simu used ya Marekani pale Kariakoo, uliza bendi

Juzi mdogo wangu kanipigia video yuko mtaa wa Aggrey, kashika simu used iliyotoka Marekani, kioo safi, betri nzima, bei imeshashuka, anasubiri tu nimwambie chukua. Nikamwambia usitoe hela kwanza, muulize ina bendi gani, yaani inakamata mafungu gani ya masafa ya redio ya mtandao. Muuzaji akajibu "hiyo inasoma laini zote". Jibu hilohilo nilipewa mimi mwaka juzi nikalipa.

Ile nilimnunulia mama, anakaa Chanika. Dukani tulifungua YouTube ikaenda kama maji, kumbe ni Wi-Fi ya duka. Kwenye daladala juu pale inaandika H+ tu, yaani 3G, nikasema labda mtandao umeelemewa. Kufika Chanika ikashuka ikawa E, ile 2G ya kujivuta. Mama akawa anaisimamisha dirishani kwenye nondo ili picha za wajukuu zishuke WhatsApp, picha moja inazunguka weee mpaka anachoka anaizima. Na simu ni nzima kabisa, haijawahi kufunguliwa na fundi, maana laini ileile ukiihamishia kwenye kasimu kake ka zamani inakamata 4G hapohapo dirishani.

Fundi aliangalia namba ya modeli, akaitafuta mtandaoni, akanionyesha: 4G yake ni bendi ya 2, 4, 12 na 66. Hizo ni za kule kwao. Huku kwetu cha kutafuta kwanza ni 3, 20 na 28, halafu 1 na 7, kampuni zinatofautiana. Yaani mnara upo unaongea, simu haina sikio la hayo masafa, na hakuna fundi wa kukuwekea kwa kuflashi.

Nikataka kujua kwa nini iwe hivi. Mawimbi ya redio hayasimami Namanga kugongewa pasipoti, ndiyo maana nchi lazima zikae zikubaliane nani atumie nini, na kazi hiyo iko chini ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano lenye makao Geneva, lililoanzia Paris mwaka 1865 enzi za telegrafu. Kwenye masafa ITU imeigawa dunia kanda tatu: sisi Waafrika tuko kanda ya 1 pamoja na Ulaya na nchi nyingi za Kiarabu, bara lote la Amerika, kaskazini na kusini, kanda ya 2, sehemu kubwa ya Asia na Australia kanda ya 3. Namba zenyewe za bendi zinapangwa na 3GPP, wale wanaoandika viwango vya 3G, 4G na 5G. Kwa hiyo simu ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya Marekani inawekewa bendi za kwao basi.

Na mkumbuke ving'amuzi! Mwaka 2006 nchi za kanda yetu zilikubaliana Geneva kwamba TV zihamie dijitali, mwisho 17 Juni 2015, na Dar tulizimiwa analojia mapema, 31 Desemba 2012, watu walilalamika sana. Ile hama hama ndiyo iliyofungua masafa ya juu ya TV, karibu na megahezi 800, na ndiyo hiyo bendi ya 20 ninayoisema. Masafa ya chini namna hiyo yanafika mbali na yanapenya ukuta vizuri kuliko ya juu, na kwa mtu wa Chanika, Mbagala ndani ndani au Kibaha hilo ndilo jambo lenyewe. Ukiikosa ya chini, mjini unaweza usione tofauti, pembeni unaumia.

Sasa ukienda, nenda na laini yako mwenyewe. Mwambie azime Wi-Fi, subiri uone 4G imeandika, piga simu, fungua video. Kama unanunua kwa ajili ya mtu wa pembeni mwa mji usiridhike na mtandao wa Kariakoo, angalia bendi za modeli hiyohiyo kabisa, siyo jina tu, maana Samsung ileile inayoishia na U ni ya Marekani na bendi zake hazilingani na inayoishia F au B. Simu za bei kubwa zina bendi nyingi, hizo mara nyingi hazisumbui. Ila iPhone, kuanzia 14, zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini, ni eSIM tupu, yaani laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu kwa mtandao, kwa hiyo uliza kampuni yako kwanza kama wanakuwekea.

Halafu piga *#06#, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, uone kama jina linalorudi ndilo la simu uliyoshika. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA ilivyozifungia feki, watu waliamka simu zimekuwa tochi.

Mdogo wangu alipoangalia akakuta ina 3 na 7, 20 haina. Yeye anakaa Ilala, akaichukua, akapunguziwa elfu thelathini. Ya mama nilimnunulia nyingine, ile ya kwanza iko nyumbani kwangu wanangu wanaangalia katuni kwa Wi-Fi.