Vumbi Lililohamia Ndani: Maswali ya Majirani wa Viwanda

Barua za safari hii zimetoka upande mmoja wa mji wa Mombasa, kuanzia Shimanzi, kuvuka Makupa, mpaka Changamwe na Mikindani. Karibu zote zinauliza: tufagie, tufunge madirisha au tuhame? Kwanza ujue vumbi lenyewe ni la nini, maana dawa ya vumbi moja huwa ni madhara kwa jingine.

Twaishi karibu na Owino Uhuru, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Kilifungwa zamani. Watoto wangu bado wamo hatarini? (Mama wa wawili, Mikindani)

Wamo, ikiwa udongo wa uani kwako haujaondolewa wala kufunikwa. Kiwanda kile kilianza kazi 2007 na kufungwa 2014, lakini madini ya risasi (lead) yaliyomo kwenye betri hayaozi. Hushikamana na udongo wa juu, pale pale watoto wanapocheza, na hukaa hapo miaka na miaka. Mtoto hahitaji kula udongo ndipo adhurike: vidole mdomoni vyatosha. Tena mwili wake hufyonza risasi aliyoimeza kwa wingi wa mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima.

Usisubiri dalili. Risasi kidogo huharibu ubongo unaokua bila homa wala kutapika. Mwalimu ndiye hugundua kwanza kuwa mtoto amekuwa mzito wa kushika masomo. Hospitalini omba kipimo cha "kiwango cha risasi kwenye damu", kwa sababu kipimo cha kawaida cha damu hakikionyeshi. Damu itolewe kwenye mshipa. Ikitolewa kidoleni, vumbi lililo kwenye ngozi huweza kupandisha jibu kwa uongo, kwa hivyo mikono ioshwe vizuri kwa sabuni kabla ya sindano. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani husema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto wa miaka 10 au chini akifika 45, hupewa dawa za kuinasa risasi na kuitoa mwilini, chini ya uangalizi wa daktari. Dawa hizo si za kununua dukani. Na kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye ua ule ule ni kuteka maji kwa pakacha.

Nyumbani, ufagio mkavu uweke kando, kwa kuwa hurusha vumbi la risasi likaangukia vyombo na vitanda. Piga deki kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na ubadilishe maji kila chumba. Yamwage chooni, si uani. Viatu vibaki nje. Ua usakafiwe, au utandazwe udongo safi wa kutoka mbali, unene wa sentimita 15 hivi, na juu yake ukoka. Mchicha na viazi usipande hapo. Tumia magunia yenye udongo wa kuletwa. Mtoto asikae na njaa, kwa kuwa tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Maharagwe, dagaa, mboga za majani na maziwa humpa chuma na kalsiamu, ambazo hupunguza ufyonzaji huo.

Mume wangu huvunja betri za magari kwenye jua kali. Nyumbani hakuna kiwanda karibu. Nihofu? (Miritini)

Hofu nguo zake. Vumbi la risasi hupanda matatu pamoja naye. Avue nguo na viatu vya kazi huko huko, aoge pamoja na nywele, ndipo aje kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisikung'utwe. Betri isivunjwe nyumbani hata moja, na maganda yake yasitumike kupandia maua wala kukingia maji.

Mabati yetu hushika vumbi jeusi, na maji ya mvua ndiyo tunayokunywa. Nikichemsha yatosha? (Changamwe)

Kuchemsha huua vijidudu. Metali hubaki, na kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, kila kikombe hubeba metali nyingi kuliko awali. Klorini nayo haiiondoi.

La maana ni kuyaacha maji ya kwanza yapite. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya paa la mita za mraba 30 ni lita 30. Mwaga milimita mbili za mwanzo, yaani lita 60, mitungi mitatu ya lita 20. Mvua ya kwanza ya masika, baada ya kiangazi kirefu, mwaga zaidi ya hapo. Fundi anaweza kukufungia bomba la wima kabla ya tangi, lenye kifuniko chini, lijae maji machafu kwanza. Bomba la inchi nne hubeba karibu lita 8 kwa kila mita, kwa hivyo peke yake halitoshi paa zima. Liunganishe na pipa. Kosa tunalolisikia mara nyingi ni watu kusahau kulimwaga baada ya mvua, na mvua inayofuata ikaingia tangini na uchafu wake wote. Mfereji wa tangi nao uwe sentimita 10 juu ya sakafu yake, matope yabaki chini.

Lakini kama jirani yako anayeyusha metali sasa hivi, usinywe maji ya paa hilo kabisa. Yatumie kusafishia choo.

Vumbi la kijivu la klinka limeganda kwenye mabati na gata. Nimwage asidi ya choo? (Karibu na bandari)

La! Asidi hula zinki, na kwa chumvi ya bahari yetu mabati yatashika kutu upesi. Klinka ni saruji ambayo haijasagwa: ikipata umande huanza kuganda, na uzito wake hung'oa vishikizo vya gata. Hapa ufagio laini mkavu ndio dawa, alasiri mabati yakiwa yamekauka, kinywa na pua vimefunikwa, kisha ndipo umwagie maji mengi. Lililoganda likwangue kwa ubao au plastiki, si brashi ya waya. Likichanganyika na jasho huunguza ngozi, kwa hivyo oga mara moja. Likiingia jichoni usifikiche: mimina maji safi kwa dakika 20, halafu hospitali.

Kisima chetu kina utando unaong'aa rangi rangi. Ni mafuta? (Shimanzi)

Uguse kwa kijiti. Ukipasuka vipande vipande kama ganda jembamba, huenda ni bakteria wa chuma, ambao hawana madhara makubwa. Ukitengana kisha ukajirudia kuwa kitu kimoja, hayo ni mafuta. Pua nayo itakwambia.

Yakiwa mafuta, usishushe kibatari wala kuwasha pampu, na usichemshe maji hayo, kwa kuwa mvuke wake utaujaza chumba. Hata kuoga kwa maji ya moto ni kuuvuta. Sampuli ya mafuta huwekwa kwenye chupa ya kioo, ikajazwa hadi juu isibaki hewa, ikafichwa jua na kupelekwa ikiwa baridi. Sampuli ya metali huenda kwa chupa ya plastiki. Omba chupa maabara kabla ya kuteka. Mkemia wa Serikali ana ofisi hapa Mombasa.

Moshi huja usiku. Tufunge madirisha? (Jomvu)

Ukiwapo, ndiyo, ukipita, fungua. Usiku usio na upepo, moshi hulala chini. Wakati wa kusi huelekea bara, na wakati wa kaskazi huelekea kusini-magharibi, kwa hivyo chumba cha kulala watoto kinaweza kuhitaji kuhamishwa kwa msimu. Lakini nyumba iliyofungwa isiwe na jiko la makaa ndani: gesi yake huua kimya kimya. Kitambaa puani hakizuii chembe ndogo. Barakoa ya N95 huzizuia ikibana vizuri uso, ila gesi hupita.

Tukilalamika, wanasema hatuna ushahidi. (Vijana wa mtaa)

Anzeni daftari leo: tarehe, saa, muda, upepo watoka wapi, harufu gani, nani alikohoa. Picha zipigwe kutoka mahali pamoja kila siku. Kliniki, mwombe daktari aandike kwenye kadi mnapoishi na mnachovuta. Wiki nne za namna hiyo zina uzito kuliko maandamano ya siku moja.

Kisha andikeni barua kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa idara ya mazingira ya kaunti, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kifungu cha 70 cha Katiba hakidai mthibitishe kuwa mtu ameshaumia ndipo mwende mahakamani. Wakazi wa Owino Uhuru walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikafutwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Upeo ikairudisha Desemba 2024. Kesi yao ilisimama juu ya vipimo vya damu na vya udongo, ndiyo maana twasisitiza karatasi. Na mkipinga leseni ya mazingira iliyotolewa kwa kiwanda kipya, mnazo siku 60 tu za kwenda kwenye Baraza la Mazingira (National Environment Tribunal), linalosikiliza rufaa hizo, kwa hivyo bango la notisi likiwekwa kwenye kiwanja cha kiwanda hicho lipigeni picha siku hiyo hiyo.