Ultrasaundi ya ubongo kwa maumivu ya mgongo: siyo ile ya wajawazito

Dada wa Masasi, umeuliza kama ultrasaundi ya wajawazito inaweza kuelekezwa kichwani ili mzee wako apate nafuu ya mgongo uliochoshwa na magunia ya korosho. Hapana. Ile hutumia takriban megahezi 2 hadi 5, na fuvu hunyonya sehemu kubwa ya mawimbi hayo. Ultrasaundi ya ubongo inayofanyiwa utafiti wa maumivu hushuka hadi karibu megahezi 0.5, mawimbi yakakusanywa mahali penye upana wa milimita chache, ndani kabisa, kwenye sehemu za ubongo kama ile iitwayo insula, zinazochangia maumivu yaonekane makali. Kwanza kichwa hupigwa picha ya MRI au CT, maana fuvu hupinda mawimbi na unene wake hutofautiana sana. Nywele zisipolowa jeli barabara, viputo vya hewa huyazuia. Pia baadhi ya washiriki wa utafiti huwekewa mashine bila mawimbi, bila wao kujua, ili nafuu ya matumaini itenganishwe na nafuu ya kweli. Bado ni utafiti, siyo tiba. Mzee akiishiwa nguvu miguuni au akishindwa kuzuia mkojo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, msingoje msimu wa korosho uishe.