Ukitaka kuingia kwenye vinu vidogo vya nyuklia, anza na joto

Assalaam alaykum vijana wa Unguja na Pemba. Naulizwa sana na wanaomaliza form six na walioko chuo, ati nataka kusomea vinu vidogo vya nyuklia nianzie wapi, na karibu wote wameshaanza na atomu, wanajua urani inavyopasuka, wanachora neutroni vizuri kabisa. Sawa, ijue. Lakini kwa niliyoyaona tangu nasoma mpaka leo niko kazini, anaefika mbali ni yule anaelielewa joto, linatoka wapi, linakwenda wapi, na likikosa pa kwenda inakuwaje. Kuendesha mpasuko wa atomu watu wanajua tangu 1942 kule Chicago, kazi kubwa iliyobaki ni kuliondosha joto bila kumtegemea mtu wala pampu.

Chukua karatasi tupige hesabu. Kinu cha megawati 300 za umeme, ambacho kwa IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, ndio mwisho wa vinu vinavyoitwa vidogo, kinatoa joto la kama megawati 900, theluthi inakuwa umeme na lililobaki linakwenda na maji ya kupozea. Sasa kizime. Mpasuko umesita lakini vile vipande vilivyopasuka vinaendelea kutoa joto, mwanzo tu ni kama asilimia 6, yani megawati 54. Kebo ya kwanza ya umeme iliyovuka bahari kuja Unguja mwaka 1980 uwezo wake ulikuwa megawati 45! Kwahiyo kinu kilichozimwa bado kina joto kuliko kebo nzima iliyowasha kisiwa chetu kwa miaka. Baada ya saa moja limeshuka mpaka megawati 13 hivi, baada ya siku moja megawati nne na kitu, na hizo lazima ziende pahala usiku na mchana.

Hapo ndio utaifahamu ajali ya vinu vya Fukushima, Japani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipopiga, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe kama vilivyotakiwa, halafu tsunami ikaja ikazamisha majenereta, pampu zikakosa umeme, na joto lililobaki likayeyusha mafuta ya vinu vitatu, yani ile urani yenyewe. Kwahiyo mtu akikwambia kinu chake ni salama zaidi usimuulize kinazima vipi, muulize umeme ukikatika kila pahala joto linatokaje. Udogo unasaidia hapa, kikombe cha chai kinapoa haraka kuliko sufuria ya shughuli. Kinu cha joto la megawati 10 baada ya siku kimebaki na kama kilowati 50, hizo zinaweza kupita kwenye kuta zake zikachukuliwa na hewa tu. Wachina pale Shidao Bay wamejenga kinu cha gesi ya heliamu, mafuta yake ni punje ndogo kuliko milimita moja zilizovikwa tabaka za kaboni na silikoni kabaidi, zimekusanywa ndani ya mipira ya sentimita 6, na mwaka 2023 walikata upozaji kwa makusudi wakiangalia, kikapoa chenyewe. Mie jaribio lile naliheshimu kuliko michoro yote inayosambazwa ya vinu ambavyo havijajengwa.

Kuhusu bei nawaomba muwe wagumu. Kidogo si lazima kiwe rahisi, kinu kikubwa kinagawa gharama zake kwa uniti nyingi, kidogo kinategemea kutengenezwa kiwandani vingi vinavyofanana, na cha kwanza siku zote ni ghali. Kule Marekani kampuni ya NuScale, wabunifu wa vinu vidogo, walipata idhini ya muundo wao Januari 2023, mwezi huo huo bei ya umeme wa mradi wao wa Idaho ikapanda kutoka dola 58 kwa megawati-saa mpaka 89, Novemba mradi ukafutwa. Muundo haukukutwa na hatari yoyote, ni hesabu ndio ilikataa. Kila ukisoma bei uliza ni ya kinu cha ngapi na riba ya mkopo imeingizwa au haijaingizwa, maana pesa inakopwa leo na umeme unauzwa baada ya miaka.

Na msidhani kwa vile tuko visiwani haya hayatuhusu. Kanuni ya kawaida ya gridi, yani mtandao wa umeme, ni kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi nzima, ili ukizima ghafla usizimishe wote. Sasa kebo ya pili ya Unguja ya 2013 ni megawati 100, kinu cha megawati 1000 utakiweka wapi? Waliokuwepo Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilipokuwa kizani wanajua kutegemea njia moja kunavyouma. Sisemi tujenge kesho, nasema siku watakapokuja wauzaji na makaratasi yao wawepo watoto wa hapa wanaoweza kuyasoma.

Kusoma unaweza kuanza ukiwa Chake au Bububu. Hesabu, fizikia ya joto na mtiririko wa maji, usiziruke hata kama mwalimu anachosha. Programu ya OpenMC ni ya bure, inakokotoa mwendo wa neutroni ndani ya kinu, jifunze kwanza Python, lugha ya kuandikia programu. Kompyuta ya kawaida inatosha kwa kuanzia, mifano midogo itakwenda. Mabanati mnaofika shahada ya pili, IAEA wana ufadhili wa jina la Marie Skłodowska-Curie wa wanawake peke yao, ombeni, msingoje kuambiwa. Na si lazima wote muwe mainjinia, mchomeleaji hodari wa chuma cha pua na anaejua kukagua weldi kwa eksirei wanatafutwa kweli kwenye kazi hizi.

La mwisho, mtaulizwa barazani na wazee kuhusu taka na mionzi. Msiwajibu kwamba hamna hatari. Waambieni mafuta yaliyotumika ni makali kwa maelfu ya miaka, kwanza yanakaa kwenye maji, halafu kwenye mapipa ya chuma na zege, na Finland wamechimba pango la kuyazika Onkalo, zaidi ya mita 400 chini ya jabali. Halafu msikilize mpaka amalize, mana mzee wa kijijini anaweza kuuliza hayo mapipa yatalindwa na nani miaka mia ijayo, na hilo ndilo swali wanalolijadili mainjinia wenyewe.